Watu wa Mrima

Biryogo, Jumanne, 1 Februari 1994

Mwalimu wa madrasa amenipa daftari hili la kurasa mia. Ameniomba niandike habari za babu yangu: alikotoka, alichouza, alivyofika Kigali. Anasema anakusanya historia ya Waswahili wa mji huu kabla wazee hawajaondoka nayo. Nikamwambia mimi si mzee, nina miaka hamsini na minane tu, na akilirudia neno hilo atalikuta daftari lake limefungiwa vitumbua. Akacheka. Ya babu nitayaandika, na ya kila siku nitayaandika pia, maana daftari ni kubwa na babu ni mmoja.

Mimi ni Zena binti Shabani bin Sudi. Nauza kanga kwenye kibaraza cha nyumba aliyoijenga baba yangu. Kibaraza hichohicho ndipo ilipo cherehani ya jirani yangu Mukandayisenga. Mimi nauza, yeye anapinda. Mumewe alikimbilia Burundi mwaka wa tisini, Watutsi kama wao walipokuwa wanakamatwa, na hajarudi. Wateja wetu wengi hawasomi Kiswahili, kwa hiyo nawasomea jina la kanga kabla ya kununua, mtu asije akampelekea mama mkwe matusi bila kujua.

3 Februari

Mvua. Nimeuza doti mbili.

5 Februari

Leo ya babu. Sudi bin Mwinyimvua alikuwa mtu wa Mrima, yaani pwani ile inayotazamana na Unguja. Kwao Saadani. Baba yake alikuwa mpokeaji wa shehena pale bandarini: merikani iliyovuka bahari mbili, kaniki ya Bara Hindi, shanga, nyaya za shaba. Babu alikuwa akisema kwamba merikani ikiwa Saadani ni nguo, ikifika Tabora ni fedha, ikifika Karagwe ni heshima. Akapanda bara na mizigo yake, akafika hapa wakati Mjerumani anaanza kupanga mawe ya boma. Akauza nguo, akanunua ngozi, akaoa, akasahau kurudi.

Alipokuja Mbelgiji na kuanza kuwaandika watu, karani alimuuliza babu anatoka wapi. Babu akajibu, "Mrima." Karani yule alikuwa kama wengi wa hapa, r na l kwake zilikuwa kitu kimoja. Akaandika mlima. Na Rwanda kila mtu ana mlima wake, kwa hiyo swali la pili likawa: mlima upi? Babu akadhani anaulizwa analala wapi. Akaonyesha kidole kwa chifu aliyekuwa akimuuzia nguo. Basi ikaandikwa mlima wa chifu, mtu wa chifu, Mtutsi kama chifu.

Babu aliicheka hadithi hii mpaka kufa kwake. Baba aliicheka kidogo. Kitambulisho changu kinasema Mtutsi, cha ndugu yangu Asumani vilevile, na siku hizi sicheki.

12 Februari

Tumefunga ya kwanza. Mukandayisenga ni Mkatoliki lakini hali mbele yangu mchana. Anajificha nyuma ya cherehani na ndizi yake kama mtoto mwizi.

16 Februari

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara amenunua redio kubwa zaidi. Anasikiliza ile stesheni mpya, yenye nyimbo tamu na maneno machafu. Nimempelekea ujumbe apunguze sauti kwa heshima ya mwezi mtukufu. Ameongeza.

22 Februari

Jana usiku wameua waziri. Mji umefungwa. Asumani alikuwa anarudi na lori lake kutoka kupakia mbao Gisozi, vijana wakamsimamisha karibu na mto. Wakaona kitambulisho. Wakamkalisha kwenye matope saa nne nzima, mvua inampiga, huku wakibishana wamfanye nini. Ameokolewa na askari mmoja aliyemfahamu. Amefika nyumbani hana viatu. Ana miaka hamsini na mmoja, ndugu yangu wa pekee, na amekaa jikoni anatetemeka.

Nimekasirika kuliko nilivyoogopa. Nife kwa kosa la herufi moja? Kitambulisho kitasahihishwa, hata kama itabidi nilale mlangoni kwa komine, ofisi ya serikali ya mtaa.

24 Februari

Nimekwenda. Karani anayeshughulikia vitambulisho ni Silvère, ambaye nimemjua tangu akiwa na meno ya utoto. Mama yake alikuwa akimwacha kwetu akienda sokoni, na Ramadhani nzima alikuwa akifuturu kwetu kuliko sisi wenyewe. Sasa ana tai na meza.

"Dada Zena," akasema, "mimi najua nyie ni Baswahili. Kigali yote inajua. Lakini dosiye, faili yenu, haijui. Iko taka karatasi."

"Karatasi ya nini? Niulize mimi."

"Wewe si karatasi." Akapunguza sauti. "Na kwa form hakuna Mswahili. Iko Hutu, Tutsi, Twa, na naturalisé, mgeni mwenye kupewa uraia. Nitaweka ile ya mwisho. Wewe na ndugu yako, dosiye moja, watoto ya Shabani. Leta kitu chenye kuonyesha babu alitoka pwani."

Mimi mzaliwa wa Biryogo, niwe mgeni. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, maana mgeni huambiwa aende kwao, na hilo si baya kama mengine.

28 Februari

Asumani amekataa! Amesema alizaliwa hapa, atazikwa hapa, na hataki kuwa mgeni akiwa na mvi. "Wakitaka kuniua waniue kama mwenyeji," akasema, na mdomo umejaa sambusa zangu. Nimemwita mpumbavu. Ameniambia nimpe ya tatu.

3 Machi

Nimeipata barua. Ilikuwa ndani ya msahafu wa baba: barua ya kaka yake babu kutoka Saadani, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu ameisoma, akaitafsiri kwa Kifaransa na kuigonga mhuri wa madrasa. Inaanza: "Kwa ndugu yetu Sudi, aliyetoka kwetu Mrima akapanda bara." Kwa herufi hizo ra na lamu hazifanani hata kidogo. Moja imekaa chini kama mundu, nyingine imesimama wima kama mlingoti. Laiti karani yule angejua kuzisoma, Asumani asingekaa kwenye matope.

Silvère ameipokea. Ameigeuza juu chini, akacheka, akaandika namba.

9 Machi

Leo sitaki kuyaandika lakini nitayaandika, maana daftari la uongo halina faida.

Mchana mvua ilipoanza tulikuwa wawili tu kibarazani. Mukandayisenga akasimamisha cherehani.

"Dada, mimi iko na neno."

"Sema."

"Ile dosiye. Asumani alikataa. Fasi yake iko wazi." Hakunitazama. "Mimi siwezi kuwa mtoto wa Shabani? Mdogo yako. Naweza kuvaa mtandio. Kiswahili najua."

Nikamwambia Kiswahili anachokijua kinatembea kwa magongo. Nilitaka iwe utani. Hakucheka.

"Banahesabu batu, dada. Jana wameuliza jina yangu kwa yule kinyozi. Wewe uko na babu wa bahari. Mimi babu yangu, na wa babu yangu, bote ni ba hapahapa. Nitasema nimetoka wapi?"

Nikamweleza kwamba nasaba si kanga, mtu haichagui kwenye rundo. Kwamba haya yote nayafanya ili kuondoa uongo ulioandikwa juu yetu, na siwezi kuuondoa mmoja nikaweka mwingine. Kwamba nimefunga. Na kwa kuwa mdomo wangu haujui kusimama, nikamalizia: "Usisafirie nyota ya mwenzio."

Anajua maneno hayo. Ameyapinda kwenye kanga zaidi ya mia, na nilimsomea mwenyewe maana yake. Akasema, "Nimesikia, dada," akakanyaga cherehani. Ilikuwa inalia mpaka adhana ya magharibi.

10 Machi

Hakuja.

11 Machi

Amekuja. Tumezungumza habari za uzi.

14 Machi

Idi. Nimepika pilau. Amekuja kula kama kila mwaka, lakini amekaa karibu na mlango na kuosha sahani yake mwenyewe. Miaka tisa hajawahi kuosha sahani kwangu siku ya Idi.

18 Machi

Mvua. Ukuta wa choo umeanguka.

19 Machi

Mvua.

23 Machi

Silvère amenipa kitambulisho kipya. Picha yangu, jina langu, na mstari umekata Hutu, umekata Tutsi, umekata Twa. Nilikibusu pale pale mezani, akanikataza, watu wasione.

Wakati wa kurudi kulikuwa na kizuizi njiani, gogo na vijana saba na kreti za bia. Kijana akakisoma kitambulisho changu kwa kidole, akauliza mwenzake naturalisé ni nini. Mwenzake akajibu, "Huyo si wetu, si wao. Mwache aende." Nikaenda. Nyuma yangu alikuwepo mama mwenye kapu la mihogo. Nilisikia wakimwambia aweke kapu chini. Sikugeuka. Nilitembea huku nimekibana kifuani, na nilipofika nyumbani ndipo nilipojisikia nimefurahi, nikaona haya mpaka nikashindwa kula.

Mwezi mzima nimekuwa nikilia kwamba wameniandika kwa makosa. Sikuwahi kusema kwamba yule aliyeandikwa sawasawa naye ameonewa. Nilichokuwa nikiwaambia watu wale ni kwamba wamekosea nyumba, nyumba yenyewe ni ya jirani.

29 Machi

Vijana wawili wamepita wanaandika nyumba. Wanasema ni sensa. Sensa gani isiyouliza umri? Kiongozi wao ni Eustache, fundi baiskeli, aliyemnunulia mama yake kanga kwangu mwaka jana. Aliniamkia vizuri. Kwa Mukandayisenga walisimama muda mrefu kuliko kwingine, na hawakubisha hodi.

2 Aprili

Asumani ameondoka na lori kwenda Dar es Salaam kuleta kanga. Nilimwambia akifika huko akae. Akasema nani atakula vitumbua vyangu. Jioni dereva mwenzake aliyepishana naye ameniletea salamu, amevuka mpaka wa Rusumo salama.

3 Aprili

Pasaka ya Wakatoliki. Mukandayisenga amerudi mapema kutoka kanisani. Wamejaa, anasema, lakini hakuna aliyeimba kwa sauti.

Nimemwambia kesho kutwa tutakwenda kwa Silvère, alete picha mbili na kitambulisho chake.

"Na nyota?" akauliza.

"Sikujua nisemalo," nikamwambia. "Nisamehe." Ni vigumu kwangu kulitamka neno hilo, Asumani ni shahidi. Akanishika mkono, akasema, "Nta kibazo, hakuna shida," kisha akaulizia mtandio.

5 Aprili

Jana ofisi ilifungwa kwa Pasaka, leo tumekwenda. Silvère aliziangalia picha, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye.

"Dada Zena. Huyu ni mtoto ya Shabani?"

"Wa mke mdogo."

"Shabani alikuwa na mke mmoja. Nilikula kwake."

"Ulikuwa mdogo. Ulikuwa unaangalia sahani."

Akaisogeza kwa mguu ndoo iliyokuwa pembeni ikikinga maji, maana paa la ofisi linavuja. Kisha akakichukua kitambulisho cha Mukandayisenga, akakitia ndani ya dosiye yetu, akaandika kipande cha karatasi na kugonga mhuri: vitambulisho vya watoto wa Shabani bin Sudi vinashughulikiwa. Hakuandika wangapi.

"Mrudi Alhamisi," akasema.

Jioni nimemfundisha: jina lako Zaituni binti Shabani, babu yako Sudi, kwenu Mrima. Anasema Murima. Nikamwambia hakuna u hapo, kaza midomo, m, rima. Murima. Tumecheka kama zamani. Kama ningesema ndiyo tarehe tisa ya mwezi uliopita, kitambulisho kingekuwa mkobani mwake leo.

Alhamisi, 7 Aprili

Jana jioni ndege ya rais imeanguka. Redio imesema watu wasitoke majumbani. Tangu alfajiri ni risasi, upande wa Kiyovu na upande wa Rebero, na kati yake makelele ya watu karibu zaidi. Leo ndiyo Alhamisi. Hakuna ofisi.

Saa mbili asubuhi Mukandayisenga ameruka ua wa nyuma. Amekuja na mtandio kichwani, ameufunga vibaya. Nimemfunga upya. Pini imenichoma.

8 Aprili

Wameingia kwake. Tumeisikia cherehani ikivunjwa. Aliuma shuka, hakulia. Kinyozi aliwaonyesha njia, nilimwona kwa tundu la dirisha, na redio yake mkononi.

9 Aprili

Yule dereva mwenzake Asumani amepita kwa nyuma ya nyumba anatafuta pa kujificha, ameingia msikitini. Anasema kwenye vizuizi wanauliza kitambulisho kwanza, jina baadaye. Asiye na kitambulisho wanamuuliza kiko wapi, na akijibu vizuri siku nyingine wanamwacha, siku nyingine hapana. Habari za Silvère anazo pia. Walimkuta kwenye kizuizi, hakutaka kutoa funguo za kabati la dosiye. Wakamuua hapo hapo. Silvère aliyefuturu kwetu. Nimelia mpaka Mukandayisenga akaniziba mdomo kwa kiganja, kwa kuwa barabarani kulikuwa na watu.

Mchana nimekaa na kufikiri. Tuna ile karatasi yenye mhuri. Inasema vitambulisho vya watoto wa Shabani vinashughulikiwa. Nikitoa kitambulisho changu kilichokamilika, basi dosiye imekwisha na wataniuliza kwa nini cha mdogo wangu hakikutoka pamoja na changu. Tukiwa wote wawili hatuna, karatasi ni yetu sote.

Nimemwambia. Akasema, "Dada, hapana. Hicho ndiyo uzima yako."

Nikakitia jikoni, chini ya birika. Kilikataa kushika moto kwa muda, nikakipepea. Naogopa. Siandiki hivi ili mtu anione shujaa. Nilipokiona kinajikunja nilitaka kuingiza mkono nikitoe.

10 Aprili

Wamekuja saa nne asubuhi, watu sita, Eustache mbele. Ana panga jipya, bei bado imebandikwa kwenye mpini. Mimi ndiye niliyefungua.

"Mama, vitambulisho."

Nikampa karatasi. Akaisoma pole pole, midomo ikimchezacheza. Wenzake walikuwa wameshaingia, mmoja anavuta majora ya kanga chini, mmoja anachungulia uvunguni.

"Na huyu?"

"Mdogo wangu, Zaituni. Mama mwingine."

"Mimi nimefanya kazi mtaa huu miaka mitano. Huyu si ni yule wa cherehani?"

"Anashona kwangu. Ulitaka ashone kwa nani, mdogo wangu wa damu?"

Akanisukuma pembeni kwa kiganja, si kwa nguvu. Akamwendea. "Wewe mwenyewe sema. Sasa mama huyu asiongee. Mnatoka wapi?"

Nilikuwa nimeikaza midomo yangu, m, rima, kana kwamba ningeweza kumsemea kutoka mbali.

"Murima," Mukandayisenga akasema.

Nikajua tumekwisha.

Eustache akakunja uso. "Murima? Murima wa nani?"

Kwa Kinyarwanda umurima ni shamba. Miaka hamsini na minane naishi na lugha hii, na sikuwahi kuliona neno hilo ndani ya letu. Karani wa zamani alisikia mlima, na huyu amesikia shamba. Mukandayisenga alielewa kabla yangu. Hakupepesa.

"Wa babu yetu," akasema kwa Kinyarwanda. "Alikuja kulima."

"Ah!" Eustache akawageukia wenzake. "Ni abahinzi. Batu ba jembe." Kwao mwenye jembe ni Mhutu, mwenye ng'ombe ni Mtutsi. Mmoja akasema, Waswahili gani hao wakulima, wakacheka wote, mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe. Eustache akachukua doti tatu za kanga bila kuniomba nimsomee jina. Mlangoni akageuka. "Ofisi zikifunguliwa nitakuja kuviona hivyo vitambulisho. Nitakuja mwenyewe."

Wamekwenda nyumba ya pili. Humo hawakucheka.

Mukandayisenga amelala sakafuni nyuma ya majora, hajafungua mtandio. Sijui kama Eustache atarudi kesho au baada ya mwezi. Sijui Asumani yuko wapi. Mvua imeanza tena na inazima baadhi ya sauti, si zote.

Mwalimu alitaka nasaba ya Sudi bin Mwinyimvua, nami nilikuwa nikiahirisha mpaka niwe na hakika ya kila jina. Naiandika leo, kwa wino. Sudi bin Mwinyimvua, mtu wa Mrima, alimzaa Shabani. Shabani alizaa watoto watatu: Zena, Asumani, na Mukandayisenga.